Bao la Nyumbani: Fundisho kwa Wazazi, Vijana na Wainjilisti



Katika fundisho la mwezi huu twataka kutazama jambo ambalo wengi hulihesabu kuwa dogo, nalo ni kucheza bao nyumbani pamoja na watoto wetu, wadogo na wale waliokwisha kubalehe. Huenda mtu akauliza: Kwa nini gazeti la sharika liandike habari za mchezo? Twajibu: Kwa sababu nyumba nyingi zina chakula, zina nguo, zina redio na simu, lakini hazina hata saa moja ambayo baba, mama na watoto hukaa pamoja wakitazamana nyuso. Mtoto afikapo umri wa miaka 14 au 15, mara nyingi maneno yote ayasikiayo kwa baba yake ni amri na makaripio: Umefunga ng'ombe? Umeleta maji? Jana ulikuwa wapi? Maneno hayo ni ya lazima, lakini moyo wa kijana haufunguki kwa hayo tu. Na kijana asiyezungumza na wazazi wake hakosi mtu wa kuzungumza naye, atampata njiani.

Haya twayaandika hasa kwa ajili ya wasomaji wa Buswahili na majirani zao wa Butiama, Bunda na Musoma, ambao bao si jambo geni kwao. Wala hatuwaletei kitu kipya. Twataka tu kukiondoa chini ya mti, penye wanaume watu wazima peke yao, na kukileta uani, penye mke na watoto.

I. MCHEZO HUU NI WA NANI?

Ni wetu. Watu wa pwani na Unguja hucheza bao la Kiswahili. Jirani zetu Wasukuma wana isolo, Waganda wana omweso, Wanyarwanda wana igisoro, nao watu wa Malawi huuita mchezo wao bawo. Hata mbali sana, katika nchi ya Ghana, wako ndugu wa mchezo huu, nao huuita oware. Majina ni mengi na kanuni hutofautiana, lakini msingi ni mmoja: mashimo, kete, na hesabu ya kichwani. Mholanzi mmoja, Alex de Voogt, aliwachunguza mabingwa wa bao wa Unguja akatoa kitabu mwaka 1995, akitaka kujua jinsi akili ya mtu iwezavyo kufuata mizunguko mingi ya kete kabla mkono haujagusa ubao. Basi asiseme mtu kwamba huu ni mchezo wa watu wasiofikiri.

Tena watu wa Mara wanao ushuhuda wa karibu. Mwalimu Julius Nyerere, aliyezaliwa Butiama mwaka 1922, alipenda bao tangu zamani. Alipong'atuka katika urais mwaka 1985 alirudi kwao Butiama, na watu walimwona akiketi na wazee wenzake mbele ya ubao. Aliyeiongoza nchi nzima hakuona haya kuinama juu ya mashimo na kuhesabu kete.

II. WAZEE NA WATOTO MAHALI PAMOJA

Nabii Zekaria alipotaka kuonyesha dalili za mji uliopata amani, hakutaja kuta wala hazina. Alitaja wazee waketio njiani na watoto wachezao katika njia hizo hizo (Zekaria 8:4-5). Angalieni kwamba wako mahali pamoja. Penye vita, njaa au hofu, mchezo wa watoto hunyamaza kwanza.

Tukumbuke pia habari za Martin Luther. Mwezi wa Juni mwaka 1530 alikuwa katika ngome ya Coburg, huku wenzake wakiwa Augsburg mbele ya Kaisari, mahali ambapo Ungamo lilisomwa tarehe 25 ya mwezi huo. Siku hizo zilikuwa za mashaka makuu. Hata hivyo aliketi akamwandikia barua mwanawe Hans, mtoto wa miaka minne, akimsimulia habari za bustani nzuri ambamo watoto huokota matunda na kupanda farasi wadogo wenye hatamu za dhahabu. Mambo ya Kanisa lote yalikuwa mabegani mwake, naye akapata nafasi ya kusema na mtoto kwa lugha ya mtoto. Ni nani kwetu mwenye shughuli kupita hizo?

III. UBAO NA KETE

Ubao wa kununua si lazima. Anayejua useremala aweza kuchonga ubao wenye safu nne, kila safu mashimo manane, jumla mashimo 32. Asiyeweza, na achimbe vishimo hivyo katika udongo mgumu wa uani, kila kimoja upana wa vidole vitatu au vinne. Kete ni 64. Watu wa pwani hutumia komwe. Sisi twaweza kutumia mbegu ngumu au vijiwe laini vya mtoni, mradi vilingane ukubwa. Nyumba yenye mtoto mchanga anayetambaa ihesabu kete kila jioni, maana mtoto huweza kuzitia kinywani.

Kazi hii ya kutengeneza isifanywe na baba peke yake. Watume wadogo wakaokote vijiwe, wakubwa wachimbe na kupima. Kitu alichokitengeneza mtoto kwa mkono wake hukipenda na kukitunza.

IV. KANUNI ZA BAO LA KUJIFUNZA

Bao kamili la Kiswahili huanza kwa namua. Kila mchezaji huweka kete 10 tu ubaoni, yaani 6 katika shimo liitwalo nyumba na mbili mbili katika mashimo mawili ya jirani, na 22 hubaki mkononi. Zikiisha za mkononi ndipo huanza mtaji. Lakini kwa watoto tuanze na bao la kujifunza, ambalo ni mtaji mtupu. Kanuni zake ni hizi:

1. Wachezaji ni wawili, wameelekeana. Kila mmoja ana safu mbili zilizo karibu naye, ya mbele na ya nyuma. Tia kete mbili katika kila shimo.

2. Zamu yako ikifika, chota kete zote za shimo lako moja lenye kete mbili au zaidi, uzigawe moja moja katika mashimo yanayofuata, kwa kulia au kwa kushoto, ukizunguka safu zako mwenyewe tu.

3. Kete yako ya mwisho ikianguka katika shimo lako la mbele ambalo lilikuwa na kete, na shimo la mwenzako lililoelekeana nalo lina kete pia, umekula. Chota zile za mwenzako, uzigawe upande wako kuanzia kichwa, yaani shimo la mwisho la safu ya mbele. Ukiwa unakwenda kulia, anza na kichwa cha kushoto. Ukiwa unakwenda kushoto, anza na kichwa cha kulia. Ukila penye kichwa au penye kimbi, yaani shimo lililo jirani na kichwa, anza na kichwa kilicho karibu.

4. Ukiwa katika mzunguko wa kula, na kete ya mwisho ikaanguka katika shimo lenye kete lakini hakuna cha kula mbele yake, chota kete za shimo hilo lako na uendelee mbele. Ikianguka katika shimo tupu, umelala. Zamu ni ya mwenzako.

5. Iwapo waweza kula, lazima ule. Iwapo huwezi, utatakata: utachota shimo la safu ya mbele na kuzigawa kete bila kula kitu katika zamu hiyo. Safu ya nyuma hutumika kwa kutakata iwapo mbele hakuna shimo lenye kete mbili.

6. Ambaye safu yake ya mbele imekuwa tupu, au hana shimo la kucheza, ameshindwa.

Kila mji una desturi zake ndogo. Yafaa nyumba ikubaliane juu ya kanuni kabla ya kuanza, wala zisibadilishwe mchezo ukiwa katikati.

V. MFANO WA ZAMU YA KWANZA

Mwinjilisti au mzazi aweza kuonyesha mfano huu ubaoni. Hesabu mashimo yako ya mbele toka kushoto, la kwanza mpaka la nane. Chota kete mbili za shimo la tatu, uende kulia: moja katika la nne, moja katika la tano. La tano lilikuwa na kete, na mbele yake mwenzako ana mbili. Umekula. Zigawe kete hizo mbili kuanzia kichwa cha kushoto: la kwanza, la pili. La pili nalo lilikuwa na kete, na mbele yake ziko mbili. Umekula tena, na kwa kuwa la pili ni kimbi, waanza tena kichwa kile kile: la kwanza, la pili. Sasa mbele ya la pili ni tupu, wala huna cha kula. Chota kete zako nne zilizomo, endelea: la tatu, la nne, la tano, la sita. Mbele ya la sita ziko mbili; umekula mara ya tatu. Zigawe: la kwanza, la pili. La pili lilikuwa tupu, maana ulilichota. Umelala.

Kwa mkono mmoja umekula kete 6; sasa unazo 38 na mwenzako 26. Mtoto akiona haya kwa mara ya kwanza macho yake hung'aa. Lakini mara ataona la pili: mwenzake naye ana zamu, na aliyekusanya jana aweza kunyang'anywa leo.

VI. KUMFUNDISHA MDOGO NA MKUBWA

Mtoto wa miaka mitano au sita asipewe kanuni zote. Mpe kwanza kazi ya kugawa kete mbili mbili, ajue ya kuwa mashimo 32 yenye kete mbili yamekula kete 64, na nusu yake ni 32. Hiyo ni hesabu aliyoishika kwa vidole. Mtoto wa miaka minane aweza kucheza bila msaada ikiwa atavumiliwa. Nao wadogo sana, wachezeeni mdako kando, au wategeeni vitendawili, wasije wakalia kwa kuachwa nje.

Kijana wa miaka 13 na zaidi ataka jambo gumu zaidi. Mwambie: Kabla hujagusa, niambie kete yako ya mwisho italala wapi. Hapo ndipo akili yake itakapoamka. Akiisha kushika mtaji, mfundishe namua na kuitunza nyumba.

Watoto wakiwa wengi na ubao ni mmoja, wagawe wawili wawili, mkubwa pamoja na mdogo: mkubwa atoe shauri, mdogo atie mkono. Desturi ya barazani ni kwamba aliyeshindwa huondoka na mwingine huketi. Nyumbani desturi hiyo huwaondoa walio dhaifu kila siku, nao hawajifunzi kamwe. Afadhali wakae kwa zamu, aliyeshinda na aliyeshindwa pia.

Tena wasichana wasisahauliwe. Katika nyumba nyingi wavulana hucheza jioni huku dada zao wakikoka moto na kuosha vyombo, kisha twasema wasichana hawalijui bao. Wangelijuaje? Kazi za jioni zigawanywe kwa wote, ili wote wamalize pamoja na kuketi pamoja. Mama naye asiwe mtazamaji tu.

VII. BABA ASHINDWAPO NA MWANAWE

Hapa ndipo penye mtihani wenyewe. Mtoto akijifunza vema, siku moja atamshinda baba yake mbele ya watu wa nyumbani. Wako wababa ambao siku hiyo huupangusa ubao kwa mkono na kusema, Nendeni mkalale. Wengine hutafuta kosa la jana na kuliadhibu leo. Mtoto huelewa mara moja. Hujifunza kwamba ukweli mbele ya mkubwa una hatari, na kesho akiwa na jambo zito, la ugonjwa, la deni au la aibu, hatalileta kwa mtu asiyeweza kuvumilia hata kupoteza vijiwe.

Kuheshimu baba na mama ni amri ya Mungu, nasi hatuilegezi. Lakini heshima ya baba haikai katika kete. Mtoto amshindaye baba yake kwa haki, bila dhihaka, hajaivunja amri ya nne. Na baba asemaye, Mwanangu, hapo umeniweza, nionyeshe ulivyofanya, hajapungukiwa na kitu. Pengine ni siku ya kwanza mtoto huyo kuwa mwalimu wa jambo lolote nyumbani mwake. Mtume Paulo awaonya akina baba wasiwachokoze watoto wao mpaka wakakasirika (Waefeso 6:4). Twaweza kulitii neno hilo hata mbele ya ubao.

Wako wazazi wa namna nyingine, ambao hujishindisha kwa siri ili mtoto afurahi. Nia yao ni njema, lakini ushindi wa kupewa kwa siri ni zawadi ya uongo, na mtoto akigundua huona haya. Ukitaka kumsaidia, msaidie waziwazi: ondoa kete nne za safu yako ya nyuma kabla ya kuanza, mkubaliane hivyo. Akishinda mara tatu, rudisha kete moja. Hivyo atajua amefika wapi.

Naye mtoto ashindwaye afundishwe kuvumilia. Asitupe kete, asimlaumu mdogo wake, aseme, Umeshinda. Neno hili moja ni gumu kwa watu wazima wengi, kwa sababu hawakulijifunza wakiwa wadogo.

VIII. MIPAKA

Kwanza, bao lisichezwe kwa fedha wala kwa kitu. Siku hizi hatari ya kamari imeingia mfukoni, maana vijana hubashiri mechi za mpira kwa simu. Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003 hairuhusu mtu aliye chini ya miaka 18 kuingia katika mambo hayo, lakini simu ya kaka au ya rafiki haiulizi umri. Kijana aliyezoea nyumbani kwamba mchezo una furaha bila dau ana ngao. Aliyezoezwa nyumbani kuweka dau, hata la muwa au la yai, amekwisha kufunguliwa mlango.

Pili, hila. Kuficha kete kiganjani au kuzidisha moja wakati wa kugawa ni kosa, hata wote wakicheka. Katekisimo Ndogo yatufundisha katika amri ya saba kwamba kujipatia kitu cha mwenzetu kwa udanganyifu ni wizi pia. Mtoto aonywe kwa upole, zamu irudiwe, wala jambo lisirefushwe.

Tatu, kazi na saa. Wakati wa kulima, shamba latangulia. Mtu mzima ashindaye mchana kutwa katika bao huku mihogo yake imejaa magugu hafundishi watoto bao, bali uvivu. Jioni mbili au tatu kwa juma, saa moja kila jioni, zatosha. Na saa hiyo simu zote ziwekwe kando, ya baba kwanza.

MASWALI NA MAJIBU

Swali: Kama hatuna bao, mchezo mwingine wafaa?
Jibu: Wafaa. Drafti ya vizibo vya soda juu ya ubao wa mraba, au ludo, huketisha watu pamoja vilevile. Bao tumelisifu kwa kuwa halina gharama na ni letu.

Swali: Kijana wangu ana miaka 17, hataki kukaa nasi. Nifanyeje?
Jibu: Usimwamuru. Mwombe akufundishe jambo analolijua, au amfundishe mdogo wake bao huku wewe ukitazama. Mara nyingi aliyekataa kuwa mwanafunzi hukubali kuwa mwalimu.

Swali: Tukicheza, nimhoji habari za shule na marafiki?
Jibu: La. Mkono ukiwa na kazi, ulimi hufunguka wenyewe. Ukigeuza ubao kuwa baraza la hukumu, kesho hatakuja.

Swali: Sina mume, watoto wangu wakubwa waniona sina nguvu ya kuwaongoza. Je, mchezo hautazidi kunishusha?
Jibu: Hautakushusha. Wewe ndiwe utakayetunza kanuni, saa na zamu. Atunzaye haki bila kupendelea huheshimiwa, hata akishindwa kila jioni.

MAMBO YA KUZUNGUMZIA KATIKA JUMUIYA

1. Juma lililopita ulizungumza na watoto wako jambo gani lisilokuwa amri wala karipio?
2. Ni michezo gani wazee wa kwetu waliwafundisha watoto wao, na ipi imekwisha kusahaulika?
3. Katika nyumba zetu, wasichana hupumzika saa ngapi?
4. Mtoto akikushinda kwa haki, utamwambia neno gani la kwanza?

Wainjilisti wapendwa, someni fundisho hili pamoja na wazazi kabla ya kulisoma na vijana. Kijana aweza kuchimba mashimo 32 katika nusu ya asubuhi, na kete zimejaa mtoni. Mtu wa kuketi upande wa pili ndiye anayengojewa.